Chuma, alumini au faiba? Kuchagua bodi nyepesi kwa gari linaloishi Malindi

Gari linalolala Malindi halizeeki sawa na gari linalolala Nakuru. Kusi ikianza kuvuma, chumvi inaingia hadi ndani ya milango, na pikapu zinazokwenda kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni zinarudi na nyingine chini ya sakafu. Kwa hivyo mtu akiuliza boneti iliyooza aibadilishe kwa ya kitu gani, au sanduku la samaki nyuma ya pikapu litengenezwe kwa nini, kumjibu "kilicho chepesi zaidi" si kumsaidia. Kuna mambo matatu ya kupima: kitapunguza kilo ngapi hasa, chumvi itakifanya nini, na kikigongwa ni nani atakirekebisha bila kukipeleka Mombasa. Mimi huyapima kuanzia mwisho: fundi kwanza, chumvi ya pili, kilo za tatu. Nitaeleza kwa nini, lakini kilo ndizo zinazowavutia watu, basi tuanze nazo.

Kilo, na unene unaosahaulika

Chukua kipande cha chuma chenye ujazo wa lita moja: kina kilo 7.85. Cha alumini kina kilo 2.7. Cha faiba ya resini na mkeka wa nyuzi za kioo kina takriban kilo 1.5, na plastiki ya bampa haifiki hata kilo moja, ndiyo maana inaelea majini. Ukiishia hapo utasema alumini inapunguza uzito mara tatu na faiba mara tano. Haiendi hivyo, kwa sababu hakuna anayetengeneza boneti ya alumini kwa unene uleule wa bati la chuma.

Alumini hupinda kirahisi mara tatu kuliko chuma. Faiba ya mkeka hupinda kirahisi zaidi ya mara ishirini. Ukitaka bati lisitetemeke kwa upepo wala kubonyea mtu akiliegemea, ni lazima uongeze unene. Bahati nzuri ni kwamba ugumu wa bati unapanda haraka kuliko unene wake: ukizidisha unene mara mbili, ugumu unazidi mara nane. Kwa hiyo nyongeza inayohitajika si kubwa. Hesabu ya mita moja mraba ya bati bapa, yenye ugumu uleule wa kutopinda, inatoka hivi:

| Kitu | Unene | Uzito kwa mita mraba |
|---|---|---|
| Chuma cha kawaida | mm 0.8 | kilo 6.3 |
| Alumini | mm 1.15 | kilo 3.1 |
| Faiba ya mkeka | mm 2.4 | kilo 3.6 |
| Plastiki ya bampa | mm 4.4 | kilo 4 |
| Kaboni (nyuzi za kaboni zilizofumwa, na resini) | mm 1.2 | kilo 1.9 |

Tazama alumini na faiba. Faiba inaonekana nyepesi sana mkononi, lakini ikishapewa unene wa kufanya kazi, alumini inaipita kidogo. Zote mbili zinakaribia nusu ya chuma. Mtu akikuahidi zaidi ya nusu, muulize unene.

Halafu kuna chuma cha nguvu ya juu, ambacho magari mengi ya miaka ya karibuni yanacho. Nguvu yake ni kubwa, lakini kupinda kinapinda sawasawa na chuma cha kawaida. Kwenye boneti faida yake ni kutobonyea kirahisi, hivyo kiwanda kinaweza kushuka hadi mm 0.7 au 0.65. Faida yake kubwa iko kwenye nguzo na mihimili, na huko nitarudi.

Chuma

Sifa ya chuma ni kwamba kila gereji inakijua. Kikibonyea kinagongwa kwa nyundo, kwa kuegemezwa chuma kingine upande wa pili, na kinarudi. Kikitoboka kinakatwa, kinawekwa kiraka, kinachomelewa, kinapakwa puti na rangi. Boneti au fenda ya mitumba kutoka Japani ikipatikana, kazi inaisha siku hiyohiyo.

Adui ni kutu, na kutu haianzii pale watu wanapotazama. Fungua mlango wa gari la hapa, piga magoti, utazame ukingo wa chini ambapo bati la nje limekunjwa juu ya bati la ndani. Hapo pana matundu madogo ya kutoa maji. Yakizibwa na mchanga wa ufukweni, maji ya mvua na chumvi hukaa ndani ya ule mkunjo, na rangi huanza kuvimba kwa nje miezi mingi baadaye. Ukiiona imevimba, bati la ndani limeshaliwa. Yazibue kwa waya laini wakati wowote unapoosha gari, umwage maji baridi mengi, kisha upulizie mafuta ya kuzuia kutu kwa ndani. Kazi hii haina gharama kubwa, na inaokoa milango mingi kuliko rangi yoyote ya bei.

Ukinunua bati jipya la kutengenezea, tafuta lililopakwa zinki. Lakini ukilisugua kwa grinda ili uchomelee, zinki ya mahali hapo imekwisha. Irudishe kwa praima ya zinki kabla ya rangi. Na moshi wa zinki usiuvute, unaleta homa.

Alumini

Huku pwani tuna ushahidi wa zamani kuhusu alumini: Land Rover. Ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita, na alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Shasi ikawa ya chuma, na bodi kwa sehemu kubwa ikawa ya Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesiamu. Ukizitazama zile kuukuu zilizobaki, fenda zake ni nzima, zimebonyea tu hapa na pale. Kilichooza ni shasi, ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, na pale mlango wa alumini unapogusana na fremu ya chuma.

Hiyo ya mwisho ndiyo siri nzima ya alumini Malindi. Yenyewe ikiwa peke yake haina shida na hewa ya bahari, maana hujifunika ngozi nyembamba ya oksaidi. Ikigusana na chuma, na chumvi yenye unyevu ikiingia katikati, hapo pamekuwa betri kamili na alumini ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni rangi kuvimba kuzunguka kichwa cha bolti. Ukikwaruza kwa ukucha, unatoka unga mweupe. Kibaya kuliko vyote ni riveti ndogo za alumini kwenye bati kubwa la chuma: zinaliwa upesi, na kitu kinaanza kulegea kikiwa barabarani. Dawa ni kutenganisha. Weka gundi ya poliyurethani au tepu nzito kati ya metali hizo mbili, tumia bolti za chuma kisichoshika kutu zenye washa za nailoni, na upake rangi pande zote kabla ya kufunga. Fundi akikuambia atapaka rangi baadaye kwa nje, msimamishe.

Upande wa kurekebisha ndiko alumini inakotofautiana na mazoea yetu. Inayeyuka kwa nyuzi 660 na haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho halikuonyi. Ile ngozi yake ya oksaidi inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Mashine ya kuchomelea ya vijiti, au ile ya gesi ya kaboni dayoksaidi, haifai kwa bati jembamba la alumini. Inatakiwa mashine ya tigi yenye mkondo wa kubadilika na gesi ya argoni, pamoja na mkono uliozoea. Usikate tamaa, lakini. Viwanda vyenyewe huunganisha alumini kwa riveti na gundi. Jaguar XJ ya 2003 ilijengwa hivyo. Fundi makini asiye na tigi anaweza kukufanyia kiraka cha gundi na riveti ambacho kitadumu.

Kunyoosha bonyeo pia kuna adabu zake. Nyundo iwe ya mbao au mpira, maana ya chuma inalitanua bati likabaki na tumbo. Kama ni alumini laini ya zamani, mafundi huchora mstari wa sabuni ya kufulia kwenye bati, kisha hupitisha moto wa gesi kwa mbali. Mstari ukigeuka kahawia iliyokolea, wanaondoa moto, na bati limelainika la kutosha kugongwa. Kwa boneti za kisasa zilizotiwa ugumu kiwandani njia hiyo inaua ule ugumu, hivyo moto uwe mdogo sana au usiwepo. Tena msasa na diski ya grinda iliyotumika kwenye chuma isiguse alumini, kwa sababu vumbi la chuma linazama ndani yake na kuanzisha ile betri.

Jua pia unachonunua. Kwa pwani omba alumini ya kundi la 5000, kama 5052 au 5083 inayojengewa boti. Kundi la 2000 lina shaba ndani na chumvi inaliharibu. Bati la alumini la kuezekea ni jembamba mno kwa gari.

Kabla ya yote, tembea na sumaku mfukoni. Gari lako linaweza kuwa na alumini na hujui: Subaru Forester ya kizazi cha pili, iliyotoka 2002, ina boneti ya alumini. Sumaku isiposhika, mwambie fundi kabla hajachukua nyundo.

Faiba

Hapa Malindi, Watamu na Lamu tuna bahati moja: boti zimetufundisha faiba. Mtu anayejua kutengeneza boti ya faiba anaweza kukutolea fenda kutoka kwenye fenda ya zamani, bila kiwanda wala mashine kubwa. Chevrolet waliuza Corvette yenye bodi ya faiba tangu 1953, kwa hiyo si kitu cha kubahatisha. Haina kutu, na ikipasuka inasuguliwa, inawekwa mkeka mpya na resini, inaendelea.

Lakini wepesi wake uko mikononi mwa fundi kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja. Mkeka wa kawaida una gramu 450 kwa mita mraba na unahitaji resini ya karibu kilo moja, basi. Fundi anayemwaga resini kwa jicho hufika kilo mbili, na hapo umepata kitu kizito, kinachopasuka upesi, kwa pesa nyingi zaidi. Resini ipimwe kwa mizani. Hadina, yaani dawa ya kuigandisha resini, iwe asilimia 1 hadi 2 ya resini. Mwezi wa pili, jua likiwa kali, mchanganyiko unaganda ndani ya kopo kabla hujamaliza kuupaka, kwa hiyo changanya kidogo kidogo na ufanye kazi asubuhi. Ukipunguza hadina kupita kiasi ili upate muda, faiba itabaki mbichi ndani na kunata. Ukiibonyeza kwa kucha baada ya siku mbili na ikaacha alama, usiipokee.

Pale bolti, bawaba na lachi zinapokaa, pawekwe bamba ndani ya tabaka za faiba, kisha tundu litobolewe katikati ya bamba. Bila hivyo bolti inakula faiba mpaka inatoka. Boneti ya faiba isiyo na bamba kwenye lachi inaweza kufunguka ukiwa kwenye mwendo wa barabara ya Mombasa na kukupiga kioo. Mimi singeifunga bila pini mbili za ziada kwa mbele.

Jua nalo linaitafuna. Faiba isiyo na rangi hupauka na kuanza kuonyesha nyuzi, kwa hiyo ipake rangi ya gari kama bati lolote, tena rangi nyeupe au ya mwanga kwa sababu resini ya kawaida hulegea joto likipanda. Isikae karibu na ekzosti, inashika moto.

Jambo kubwa kuliko yote hayo: chuma na alumini zikigongwa hukunjamana, na kule kukunjamana ndiko kunakopunguza nguvu ya pigo kabla halijamfikia mtu. Faiba ya mkono inapasuka na kuacha makali. Iwe fenda, boneti, kava la bampa, paa la juu la pikapu. Isiwe mlango, wala sakafu, wala chochote kinachomlinda mtu.

Plastiki, kaboni na magnesiamu

Bampa za magari mengi ni polipropilini iliyochanganywa na mpira. Geuza bampa utaona herufi zilizochapwa, kama >PP+EPDM<. Herufi hizo ni muhimu: polipropilini haishikwi na gundi ya kawaida, kwa hiyo ufa wake unashonwa kwa stepla za moto na kujazwa kwa ujiti wa plastiki ileile, halafu praima ya plastiki ndipo rangi. Nissan X-Trail ya kwanza ina hata fenda za mbele za plastiki, na kwa barabara za vichochoro na tuktuk nyingi kama zetu ni wazo zuri sana. Inabonyea na kurudi. Ukipata ya mitumba, chukua.

Kaboni ni nzuri kweli. McLaren walileta gari la mashindano lenye mwili wa kaboni mwaka 1981, na BMW wakajenga kibanda cha abiria cha i3 kwa kaboni mwaka 2013. Kwa Malindi siishauri. Bei yake ni kubwa, ikipasuka hakuna wa kuirekebisha sawasawa mtaani, na ikigusana na alumini au bolti ya chuma penye chumvi, inazila zote mbili. Nyingi za "kaboni" zinazouzwa ni faiba iliyofunikwa tabaka moja jeusi. Tazama upande wa ndani.

Magnesiamu ni nyepesi kuliko alumini, kilo 1.74 kwa lita. Chumvi inaimaliza. Tusonge mbele.

Ipi iende wapi

Nguzo, shasi, sakafu na mihimili ya milango: chuma, tena kilekile cha kiwandani. Magari mengi ya kisasa yana nguzo ya kati ya chuma chenye boroni kilichopikwa hadi nguvu ya karibu megapaskali 1,500. Kukitia moto wa gesi ili kukinyoosha ni kukiua, na nje kinaonekana kizima. Kikipinda kinabadilishwa.

Boneti na fenda za Probox au gari lolote la mjini: usibadilishe kwa ajili ya mafuta. Kanuni inayotumiwa na Idara ya Nishati ya Marekani ni kwamba uzito wa gari ukipungua asilimia 10, umbali unaokwenda kwa lita moja ya mafuta unaongezeka asilimia 6 hadi 8. Gari la kilo 1,100 linahitaji kupoteza kilo 110 kufika hapo. Boneti nyepesi inakupa kilo 7 au 8, ambazo hazifiki nusu ya mtungi wa maji wa lita 20 ulioko kwenye buti. Badilisha kwa sababu ya kutu, na hapo faiba iliyotengenezwa vizuri au plastiki ya mitumba inashinda chuma kwa umri. Matatu yako kando, maana bodi ya gari la abiria inafuata kiwango KS 372, na hiyo ni kazi ya mjenzi aliyesajiliwa.

Keria ya juu ya gari la safari ni tofauti, kwa kuwa kilo zilizo juu ya paa ndizo zinazoyumbisha gari kwenye kona. Alumini inavutia. Lakini ukishapita lango la Sala na kuingia barabara za mawimbi za Tsavo Mashariki, mtetemeko unaanza, na alumini haina kiwango cha mtetemeko ambacho inaweza kukivumilia milele jinsi chuma kinavyoweza. Inapasuka kwenye mishono ya kuchomelea. Nunua keria ya alumini ya kufungwa kwa bolti, au utengenezewe ya mabomba membamba ya chuma. Ya alumini iliyochomelewa mtaani, hapana.

Pale wepesi unapolipa hasa ni kwenye sanduku la pikapu ya samaki. Sanduku la urefu wa mita 2.4, upana 1.6 na kimo 1.5 lina karibu mita mraba 20 za ukuta. Ukuta wa baridi ni tabaka mbili na povu la poliyurethani la mm 50 katikati. Kwa mabati ya chuma ya mm 0.8 pande zote mbili, kuta zinafika kilo 290. Kwa alumini ya mm 1.2 ni kilo 170. Kwa faiba ya mm 2 ni kilo 160. Tofauti ya kilo 120 au 130 na chuma ni barafu na samaki unaowabeba katika kila safari ya kwenda Mombasa, na hiyo ni pesa.

Kati ya alumini na faiba, kwa samaki nachagua faiba. Maji ya samaki na barafu ni chumvi tupu, na sanduku la faiba halina metali mbili za kugombana wala fremu ya kuoza ndani. Fundi wa boti anaweza kulirekebisha Malindi yenyewe. Povu likishikana vizuri na faiba pande zote, ukuta unakuwa mgumu ajabu bila mihimili, kwa hiyo usikubali povu la vipande vilivyopachikwa tu bila resini.

Kisha ulinde matundu. Kila skrubu ya ndoana, ya taa au ya bawaba inayotoboa ukuta wa ndani ni njia ya maji kuingia kwenye povu, na povu lililolowa haliwi jepesi wala halizuii joto tena. Tundu litobolewe kubwa kuliko skrubu, povu lililo pembeni likwanguliwe kidogo, lijazwe resini iliyochanganywa na unga wa nyuzi, likauke, ndipo litobolewe upya kwa saizi ya skrubu. Bomba la kutoa maji liwe kwenye kona ya chini ya nyuma, lililogandishwa kwa resini kutoka ndani hadi nje, na sakafu iinamie huko.